Njia za Baiskeli katika Nchi ya Simiyu

Mwezi huu twataka kuwapeleka wasomaji wetu katika nchi ya Simiyu, iliyo upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Victoria, nasi twawaomba mje pamoja nasi kwa baiskeli. Chombo hicho tumekichagua kwa sababu tatu. Kwanza, kimo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu, wala hakidai mafuta. Pili, nchi ile ina njia nyingi ambazo motokaa haipiti, na mtu apitaye huko kwa baiskeli huona mambo ambayo abiria wa basi hayaoni. Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili. Tutaieleza mwishoni, msomaji akiisha kuzifahamu njia zenyewe.

Nchi na watu wake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Wilaya zake nyingi zilitoka katika Mkoa wa Shinyanga, na nchi ya Busega, iliyo kando ya ziwa, ilitoka upande wa Mwanza. Makao makuu ni mji wa Bariadi, na wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Jina la mkoa ni la mto Simiyu, ambao hukusanya maji ya nchi hii na kuyamwaga katika Ghuba ya Speke. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa watu 2,140,497. Wengi wao ni Wasukuma, na wale wa pande za Bariadi huitwa Wanyantuzu, kwa jina la nchi ya kale ya Ntuzu. Kazi zao kubwa ni kulima na kufuga. Pamba ya Simiyu yajulikana Tanzania nzima, na ufikapo msimu wa kuiuza, katikati ya mwaka, mtu huiona ikisafirishwa juu ya baiskeli, juu ya mikokoteni ya ng'ombe, na juu ya malori.

Baiskeli si kitu kigeni kwa watu hawa. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo karibu sawa, kama tuijuavyo leo, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885, na miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop akaleta mpira wa kujazwa upepo. Huku Usukuma, wakulima wa pamba walivikusanya vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunganishwa kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Katika miaka ile fedha ya pamba ilinunua mabati, ng'ombe na baiskeli. Mpaka leo baiskeli huchukua madumu ya maji, magunia ya mkaa, kuku wa sokoni, na hata mgonjwa aendaye zahanati. Na mbio za baiskeli ni mchezo unaokusanya watu wengi kama ngoma.

Jinsi njia zilivyopatikana

Kabla ya barabara za motokaa, nchi hii ilikuwa na watemi wengi: wa Ntuzu, wa Itilima, wa Kanadi, wa Dutwa, wa Nassa na wengineo. Kila utemi ulikuwa na njia zake za miguu, ziendazo kwa mtemi, kisimani, sokoni na kwa jirani. Pamoja nazo zilikuwapo njia za ng'ombe, zilizo pana, zikipita katikati ya maua ya minyaa na katani ambayo watu waliipanda ili mifugo isiingie shambani. Vyeo vya watemi vilifutwa kwa sheria ya mwaka 1963. Kisha mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa kutoka makao yaliyotawanyika, wakapangwa pamoja karibu na barabara. Hata hivyo njia nyingi hazikufa, maana ng'ombe hakuacha kwenda kunywa maji, wala mtoto hakuacha kwenda shule. Hizo ndizo njia tunazozisema. Hazikuchorwa na mpimaji, tena hazina vibao. Lakini ukimwuliza mtu yeyote wa kijiji, atakuonyesha kwa mkono ielekeako kila moja.

Hatusemi kwamba ziko kimya kabisa. Pikipiki hupita humo siku hizi, na mkokoteni wa ng'ombe hupita. Lakini lori na basi havipiti, na hilo latosha kumpa raha msafiri.

Kuisoma ardhi

Msafiri wa baiskeli yampasa kujifunza kwa Wasukuma elimu moja, nayo ni elimu ya udongo. Wao hawasemi udongo tu. Kila namna ina jina lake. Juu, karibu na majabali, uko udongo wa mchanga uitwao luseni. Chini yake, mteremko unapokwisha, hupatikana itogolo, ardhi iliyo ngumu kama sakafu. Na bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi.

Majina haya yana maana kubwa kwa gurudumu. Katika luseni, wakati wa kiangazi, mchanga hulegea, nawe waweza kulazimika kushuka na kusukuma. Juu ya itogolo baiskeli hukimbia vizuri kuliko mahali popote. Mbuga ina tabia mbili: ikiwa kavu hupasuka nyufa, lakini njia iliyokanyagwa hupitika, ikiwa imenyeshewa, udongo hushika tairi na breki hata gurudumu likakataa kuzunguka, na mwenye baiskeli huwa hana budi kuibeba begani. Kwa hiyo mwenyeji hafuati njia moja mwaka mzima. Masika hupita juu, karibu na majabali; kiangazi hukata bondeni.

Mvua za nchi hii huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea mpaka Mei, zikipumzika kidogo katikati. Miezi iliyo mizuri kwa safari ni Juni mpaka Septemba. Ondokeni alfajiri, mpumzike chini ya mti jua linapokuwa kali, kisha mwendelee alasiri. Miiba ya migunga ni adui mkubwa wa mipira. Basi kila mtu awe na pampu, viraka na gundi yake, na maji ya kunywa ya kutosha, kwa kuwa mito mingi wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu.

Njia ya kwanza: Bariadi mpaka ziwani

Barabara ya lami kutoka Bariadi mpaka Lamadi ni kama kilometa 72. Mwenye baiskeli aweza kuisindikiza barabara hiyo kwa mbali, akipita kijiji kwa kijiji, akiijia tu pale penye daraja au penye duka. Mwendo huu ni wa siku mbili kwa mtu asiye na haraka.

Nyakabindi ni mahali pa kwanza pa kutazama. Hapo uko uwanja wa maonyesho ya wakulima, na sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika hapo katika miaka ya 2018, 2019 na 2020. Mbele yake ni Dutwa, mahali penye jina la utemi wa kale. Huku na huku utaona majabali makubwa ya mawe yamebebana, na chini yake nyumba, mashamba ya pamba, mahindi, mtama na viazi vitamu. Katika miezi ya kiangazi wanawake huanika michembe juu ya mawe hayo, yaani viazi vilivyokatwa vipande na kukaushwa ili vikae mpaka wakati wa njaa. Michembe michache mfukoni ni chakula chema cha safarini.

Lamadi ni mji wa njia panda, ambapo barabara ya Bariadi huikuta ile ya kutoka Mwanza kwenda Musoma. Upande mmoja ni maji ya Ghuba ya Speke, pamoja na wavuvi wake na dagaa walioanikwa. Upande wa pili ni mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na lango la Ndabaka li karibu. Hapo twawaonya wasomaji: hifadhini hapaingiwi kwa baiskeli, na katika vijiji vya mpakani ndovu hutoka usiku na alfajiri kutafuta mazao. Mahali hapo msiondoke kabla ya kupambazuka, wala msipite njia yoyote bila kuwauliza wenyeji habari za wanyama.

Ukigeuka kuelekea Mwanza, ndani ya wilaya hiyo ya Busega, utafika nchi ya Nassa, ambayo wengi wa wasomaji wetu wamesikia jina lake. Wamisionari wa Church Missionary Society walikaa hapo tangu mwisho wa karne ya 19, na mwaka 1909 kazi yao ilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Wale wa kwanza walifika hapo kwa miguu na kwa mashua, pasipo barabara yoyote, na walimu wao wa Kiafrika walivifikia vijiji kwa njia hizi hizi. Ni mahali pema pa kukaa kivulini na kuwaeleza watoto habari hizo.

Njia ya pili: Bariadi, Maswa na njia ya reli

Kutoka Bariadi kwenda Maswa lami ni kama kilometa 50. Mji wa Maswa, ambao wazee huuita Nyalikungu, ulikuwa makao ya wilaya tangu zamani za Waingereza, wakati ambapo jina la Maswa lilienea hata pande za Bariadi. Njia za vijijini kati ya miji hii miwili hupanda na kushuka polepole, na kila bonde lina mto wake wa mchanga. Mara nyingi utawakuta watu wamechimba kisima mchangani, wanateka maji kwa kata, na ng'ombe wakingoja zamu yao. Yafaa msafiri naye angoje zamu yake.

Baada ya Maswa, fuata njia mpaka Malampaka, penye stesheni ya reli. Reli hiyo ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa muda mrefu pamba ya nchi hii ilipelekwa pwani kwa njia hiyo. Reli mpya ya Mwanza mpaka Isaka, yenye urefu wa kilometa 341, nayo imepangwa kupita huku. Ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2021. Jirani, katika wilaya ya Kwimba, iko Malya, iliyokuwa makao ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, na ambayo leo ina chuo cha michezo. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi jinsi reli, pamba na serikali vilivyoigeuza nchi, atapata kila mfano hapo katika mwendo wa siku chache.

Njia ya tatu: Lalago na Meatu

Hii ni kwa wenye nguvu. Kutoka Maswa twaelekea Lalago, kisha Mwanhuzi, mji mkuu wa Meatu. Mvua hupungua kadiri tunavyokwenda, nyumba huwa mbali mbali, na mibuyu husimama peke yake katika nchi tambarare. Maji ni haba. Usiache kijiji bila kujaza chupa.

Katika nchi hii, na vilevile Maswa na Bariadi, msafiri ataona vipande vya malisho vilivyofungwa, nyasi zake ni ndefu na miti yake imechipua. Hiyo ni ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kuhifadhi malisho kwa ajili ya kiangazi. Ilikuwa imedhoofika sana, na nchi ikawa uchi. Ndipo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofanya kazi tangu 1986 mpaka 2004, ukawashauri wenyeji kuirudia. Waliirudia, na miti ikarudi. Kumbukeni jambo hili, kwa maana tutalihitaji mbele kidogo. Mashariki zaidi ni Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa mwaka 1962, nalo si mahali pa baiskeli.

Adabu ya njiani

Katika njia nyembamba, mwenye mzigo na mwenye ng'ombe hupishwa. Ukikutana na mzee, shuka kabla hujamsalimu. Kumsalimu mtu mzima ukiwa juu ya tandiko ni ukosefu wa heshima. Asubuhi husemwa “Mwangaluka”, na baada ya mchana “Mwadila”. Mama mtu mzima huitwa “Mayu”, na baba huitwa “Baba”. Usiulize njia kabla ya salamu kwisha. Ukipewa maji au maziwa, sema “Wabeja”, nao watafurahi kwamba umejifunza neno lao. Katika safari zetu tumeona kwamba yule aliyesalimu vizuri huonyeshwa njia, tena mara nyingi husindikizwa mpaka mwisho wa mashamba.

Sababu ya tatu

Sasa twaja kwenye sababu ile tuliyoahidi. Lami imeleta mema mengi Simiyu, wala hatuilaumu. Mgonjwa hufika hospitali mapema, na mazao hufika sokoni. Lakini lami imewaita pia watu wa baiskeli, kwa kuwa ni laini, na mabasi na malori hupita juu yake kwa kasi. Mahali pengi ukingo wake ni mwembamba. Mtoto mwenye dumu la maji nyuma na mdogo wake mbele hana uwezo wa kushindana na lori.

Wakati huohuo njia za kale zinapungua. Hakuna aliyezifunga kwa amri. Watu wameongezeka, mashamba yamekaribiana, na kila mwaka jembe la kukokotwa na ng'ombe huiingilia njia kwa mfuo mmoja kutoka upande huu, na mfuo mmoja kutoka upande ule. Njia iliyotosha mkokoteni yawa ya baiskeli. Iliyotosha baiskeli yawa ya mguu mmoja. Mwisho yawa mpaka wa mashamba, nayo hugombaniwa. Na njia ikikatika mahali pamoja tu, yote imekufa, kwa sababu hakuna apitaye nusu ya njia. Tangu siku hiyo mtoto wa shule hana budi kwenda barabarani.

Na tuangalie waliopoteza njia zao kabla yetu. Uholanzi ni nchi ya baiskeli tangu zamani, lakini baada ya vita vya pili vya dunia walizijenga barabara zao kwa ajili ya motokaa tu. Mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 waliuawa barabarani katika nchi ile ndogo. Wazazi wakainuka, wakaandamana pamoja na watoto wao, wakadai wakomeshwe kuuawa. Serikali ilisikia, na kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi wakajenga njia za baiskeli zilizotengwa na motokaa. Walilazimika kununua upya kitu ambacho Simiyu ingali nacho bure.

Basi, twaweza kufanya nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi kwa matumizi ya watu wote, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Njia ya watu na ya mifugo yaweza kutengwa hivyo na kuandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi. Ikiisha kuandikwa, mwenye jembe hawezi kusema kwamba hakujua.

Walimu, hapo ndipo tunapowategemea. Waulizeni wanafunzi wenu kila mmoja apita wapi kuja shule, kisha mchore pamoja ramani moja ya njia zote, mkionyesha zilipo nzima, zilipobanwa na zilipokatika. Kazi hiyo ni somo la jiografia la wiki moja. Ikiwa tayari, ipelekeni kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya mkutano, nanyi mwende mkutanoni kuieleza. Nanyi wenye nyumba, ambao shamba lenu lapakana na njia, iacheni upana wa mkokoteni, mpande katani au minyaa pande zote mbili kama walivyofanya wazee. Ngitili ilirudi kwa sababu watu wa mahali walikubaliana kuipumzisha ardhi. Na njia nazo zitadumu kwa makubaliano ya namna hiyohiyo.

Wasomaji watakaosafiri kiangazi hiki, twawaomba mtuandikie majina ya vijiji mlivyopita, hali ya njia, mahali pa maji na mahali zilipokatika. Tutazichapa habari hizo, ili jamaa atakayepita baada yenu ajue pa kupita, na kijiji husika kijue kwamba njia yake yahitajiwa na watu.